Kifundo cha mguu kinachoteguka kila mara: dawa ya kusimama kwa mguu mmoja



Kwetu miguu ndiyo gari. Bidoni za mawese na magunia ya mchele vinasafiri juu ya kinga inayosukumwa, mihogo inatoka shambani juu ya kichwa cha mama, na wakati wa mvua udongo unateleza toka Kasongo hadi bonde la Luama. Wanaochimba dhahabu pande za Salamabila wanashuka na kupanda mashimo kila siku. Kwa hiyo tumeona vema kuandika juu ya jambo ambalo wengi wanalihesabu kuwa dogo: kifundo cha mguu kilichoteguka mara moja, kikapona, kisha kikaanza kuteguka tena na tena, hata mahali pa tambarare. Mtu wa namna hiyo anaanza kupunguza mzigo, halafu anaacha safari, na nyumba nzima inaona njaa.

Watu husema mguu wake “umezoea kuteguka”. Maneno hayo yana ukweli kuliko tunavyodhani. Upande wa nje, kifundo kinashikwa na nyuzi tatu ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Madaktari huziita ligamenti. Mguu ukipinduka kwa ndani, ile ya mbele ndiyo inayovutika au kukatika mara nyingi zaidi. Lakini nyuzi hizo hazifanyi kazi ya kamba tu. Ndani yake, na ndani ya misuli, kuna neva zinazopeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo: jiwe limesogea, mguu unalala, vuta upesi. Baada ya jeraha habari hizo hupungua au huchelewa, na misuli inayopaswa kuuzuia mguu huvuta wakati mtu ameshaanguka.

Mwaka 1965 daktari mpasuaji Mwingereza, Michael Freeman, pamoja na wenzake, waliandika juu ya jambo hilo. Maelezo yao yamesahihishwa tangu hapo, kwa maana leo inajulikana kwamba udhaifu wa misuli na ulegevu wa ligamenti vina sehemu yao pia. Ila dawa waliyoipendekeza imebaki: kumzoeza mtu kusimama bila kuyumba. (Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu, naye hakusahau kutaja vifundo alipoandika habari za kiwete wa mlangoni pa hekalu, katika Matendo 3.)

Je, kukanda kwa maji ya moto? Siku mbili tatu za kwanza kunaweza kuongeza uvimbe. Baadaye kunatuliza maumivu, lakini hakuufundishi mguu chochote. Hapo ndipo wengi wetu tunaishia: maumivu yakiisha, tunadhani kazi imekwisha.

Kule Uholanzi wachezaji 522 waliokuwa wametoka kuteguka kifundo walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Nusu hivi walipewa mazoezi ya usawa ya kufanya nyumbani, mara 3 kwa juma, kwa majuma 8, bila mtaalamu wa kuwasimamia. Kati yao, 22 kwa kila 100 waliteguka tena. Kati ya wale wasiopewa mazoezi hayo, 33. Mazoezi hayakumaliza tatizo, hilo tuliseme wazi. Lakini kwa dawa isiyo na bei, inayofanyika uani, sisi tunaona ni faida kubwa.

Namna ya kufanya ni hii. Vua viatu, simama karibu na ukuta kwa mguu ule mbovu, goti likikunjwa kidogo, sekunde 30. Pumzika, rudia mara 3, kisha fanya vilevile kwa mguu mzima. Mama anaweza kufanya hivyo akingoja maharage yaive. Ukiweza bila kushika ukuta, kunja mikono kifuani. Ukizoea, funga macho, nawe utashangaa jinsi kifundo kinavyotetemeka. Kutetemeka huko ndiko kujifunza kwenyewe. Baadaye simama juu ya gunia lililokunjwa, au mwambie mtoto akurushie chungwa ulidake bila kushusha mguu. Mwishoni ruka kidogo mbele, tua kwa mguu mmoja, tulia. Seremala akikutengenezea ubao wenye kipande cha mti wa mviringo chini yake, ni vizuri, ila si lazima. Wazee washike kiti, wala wasifumbe macho wakiwa peke yao.

Ongeza nguvu pia: panda juu ya vidole na kushuka polepole, mara 10 hadi 15. Halafu kata ukanda wa mpira wa ndani wa kinga, ufunge kwenye mguu wa meza, uzungushe upande wa nje wa unyayo, usukume kwa nje. Uchovu ni wa kawaida. Maumivu makali, au uvimbe unaorudi kesho yake, maana yake umekwenda mbio mno. Rudi hatua moja nyuma.

Mguu ulioumia leo hauanzi hivyo. Kama mtu hawezi kutembea hata hatua 4, au akibonyezwa kwenye mfupa wa kifundo, upande wa ndani au wa nje, anaumia sana, huenda mfupa umevunjika: apelekwe kituo cha afya au hospitali apigwe picha, wala asikandwe na mtu. Vilevile kama unyayo umekufa ganzi au umekuwa baridi.

Wanaosukuma kinga wasirudie mzigo mzima siku moja. Anza na nusu ya mzigo kwenye njia fupi, mchana, ukiwa na viatu vilivyofungwa badala ya sapatu, na mazoezi yaendelee mpaka majuma 8 yatimie hata kama mguu umeshanyamaza.