Wamama 24 ndani ya boti ya joka

Kule Vancouver, katika inchi ya Kanada, wamama 24 walikubali mwaka wa 1996 kufanya kitu ambacho wanganga wengi wa wakati ule walikuwa wanakataza. Wote walikuwa wamepita ndani ya kansere ya matiti. Kuna waliokatwa titi, kuna waliochomwa na miale, kuna walioondolewa tezi za kwapa. Nyuma ya matunzo ya namna hiyo, mukono wa upande ule unaweza kuvimba na kubaki umevimba, juu maji ya mwili haipati tena njia nzuri ya kupita. Ndiyo maana waliambiwa: musibebe kitu kizito, musinyanyue mutoto, musivute kitu kwa nguvu.

Sisi wa huku tuisome ile sheria polepole. Mama wa Bukavu ao wa Goma asiyebeba kitu, asiyechota maji, asiyeweka mutoto kwenye mugongo, anabaki nani nyumbani? Watu watamuhurumia siku mbili, tatu. Kisha ataanza kujiona kama kiti kilichovunjika muguu, kile wanaegemeza kwenye ukuta. Hatufikiri wale wa Vancouver walisikia tofauti sana, hata kama kwao maji inatoka kwenye robine.

Sasa, kulikuwa munganga wa mambo ya michezo kwenye chuo kikuu cha British Columbia, Don McKenzie. Yeye aliona ile sheria inarudiliwa kila mahali, lakini hakuna mutu aliyekuwa ameipima vizuri. Akatafuta muchezo unaotumikisha mikono, mabega na kifua kwa nguvu, tena na tena, ili ajue kama kweli mukono utavimba. Akachagua boti ya joka, ile kwa Kifaransa wanaita bateau-dragon.

Boti hiyo asili yake ni Uchina. Hadithi inasema kwamba Qu Yuan, mutunga mashairi na mushauri wa mufalme wa Chu, alijitupa ndani ya muto Miluo kwa uchungu wa inchi yake, zaidi ya miaka 2.200 iliyopita. Watu wa pale wakakimbia na mitumbwi yao kumutafuta, wakipiga ngoma na kutupa wali ndani ya maji ili samaki wasiukule mwili wake. Tunapenda hii sehemu ya hadithi: wale waliorukia ndani ya mitumbwi ile siku hawakuwa mabingwa wa mashindano. Walikuwa wavuvi na majirani. Kila mwaka, siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda ya Uchina, wanafanya tena zile mbio. Mwaka wa 1976 Hong Kong ikaalika ekipe ya kigeni, na tangu pale muchezo ukatoka inje. Vancouver yenyewe iliijua kwa sababu ya maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka wa 1986, ambapo boti za mbao zilitoka Hong Kong.

Ndani ya boti moja wanakaa watu 20, wawili wawili, kila mumoja na kasia yake upande wake. Mbele kuna mupiga ngoma, amewageuzia uso. Nyuma kuna musukani, amesimama na kasia ndefu. Jumla 22.

Na hapo ndipo woga wa mwenye kuanza unakuja. Kama unakimbia mbio peke yako na unashindwa, ni wewe umeshindwa. Ndani ya boti ya joka, ukikosea, kasia yako inagongana na ya mwenye kuwa mbele yako, maji inamurukia wa nyuma, na watu 19 wanajua. Wengi wanaoanza wanaogopa ile haya kuliko kuzama. Kuzama, kuna jile ya kuokoa.

Lakini boti hiyohiyo inamusaidia mwoga. Wanamufundisha kwanza asiangalie maji, wala asiangalie kasia yake. Macho yaende mbele, kwa wale wawili wa benchi ya kwanza, juu wao ndio wanaongoza mwendo. Wakiingiza kasia, unaingiza. Wakiitoa, unaitoa. Mutu mwenye nguvu anayevuta nje ya wakati anaharibu boti kuliko mudhaifu anayevuta pamoja na wenzake. Kila aliyepanda mutumbwi wa wavuvi wa ziwa Kivu anajua hiyo, ndiyo maana wanaimba: wimbo hauko wa furaha tu, ni saa yao. Nguvu itakuja kisha. Mutu anajifunza kugeuza kiuno, kunyoosha mukono mbele, kuzamisha kasia yote, kuvuta mupaka karibu na kiuno, kutoa. Mara mia, mara elfu.

Wamama wa Vancouver hawakurukia kwenye maji siku ya kwanza. Walianza kwenye sale ya mazoezi, kidogo kidogo, na wanganga wakiwaangalia mikono. Kisha boti. Mwezi wa sita, mashindano ya Vancouver, mbele ya watu, katikati ya ekipe zilizozoea. Ekipe yao walikuwa wameiita Abreast in a Boat.

Tujaribu kufikiri ile dakika ya kabla ya kuanza. Boti zinapangwa kwenye mustari mumoja, lakini upepo hautaki, musukani anaita upande wa kushoto wavute mara mbili, wa kuume wangoje. Kasia tayari ziko ndani ya maji. Mwili umeinama mbele. Hakuna anayesema. Pale ndipo mutu anajiuliza: nilikuja kufanya nini hapa? Na hawezi kushuka. Sauti ya kuanza ikitoka, zile kasia za kwanza ni ndefu na nzito, ili boti inyanyuke, kisha mwendo unakimbia. Katika mbio za metre 500, ekipe ya watu wa kawaida inatumia karibu dakika mbili na nusu ao tatu. Ni kidogo sana kwa saa, lakini katikati ya njia kifua kinawaka moto.

Hatuwataji juu ya medali. McKenzie alipima mikono yao na kuandika matokeo mwaka wa 1998 katika gazeti la wanganga wa Kanada: hakuna mukono mupya uliovimba, na kwa wale waliokuwa na ugonjwa huo tayari, haukuzidi. Ni kikundi kidogo, watu 24 tu, lakini wachunguzi wengine walifuata, na ile sheria ya zamani ikaanza kulegea. Leo wagonjwa wengi wanashauriwa kufanya mazoezi. Tunaongeza kwa wasomaji wetu: kwa kipimo, na kwa kuuliza munganga kwanza. Wale 24 hawakuanza peke yao pia.

Kisha 1996, ekipe za namna hiyo zilizaliwa katika inchi nyingi, na mwaka wa 2010 zikaunda shirika lao la dunia. Mwaka wa 2018 zilikutana Florence, Italia, kwenye muto Arno. Kila mara kuna mwanamuke anayeketi kwenye benchi kwa mara ya kwanza, na wa karibu naye anamuonyesha namna ya kushika kasia.

Mwisho wa mikutano yao wana desturi moja. Boti zinasogeleana, kila mumoja anashika ukingo wa boti ya jirani mupaka zinakuwa kama kivuko kimoja kipana. Ngoma zinanyamaza. Wanawake wananyanyua maua ya rangi ya waridi, wanakumbuka wenzao waliokufa, na wanayatupa ndani ya maji. Yanaelea kidogo kati ya boti, kisha wanaachiliana na kurudi inchi kavu.