Dawa za Kutuliza Hofu kwa Daktari wa Meno

Wako watu wengi ambao huona heri kuvumilia maumivu ya jino usiku na mchana kuliko kwenda kwa daktari wa meno. Wengine waliumizwa walipokuwa watoto. Wengine wametishwa na habari za koleo na sindano. Hofu hiyo si upuuzi, wala si jambo la kumwonea mtu haya. Lakini jino bovu halingoji mpaka mwenyewe apate moyo. Usaha huweza kuenea katika taya na shingo, uvimbe ukaziba njia ya pumzi, na mtu akafa kwa ugonjwa ambao ungalitibiwa mapema. Kwa hiyo yafaa ifahamike kuwa hofu nayo ina dawa zake.

Kwanza, maumivu na hofu ni mambo mawili. Maumivu huzuiwa na sindano ya ganzi, ambayo hufisha sehemu moja ya kinywa tu. Dawa za kutuliza ni za hofu, na mgonjwa aliyetulizwa hupigwa sindano ya ganzi vilevile.

Dawa iliyo nyepesi ni gesi ya nitrasi oksidi, iitwayo pia gesi ya kucheka. Tarehe 11 Desemba, 1844, Horace Wells, daktari wa meno wa mji wa Hartford, Marekani, aliivuta akang'olewa jino lake mwenyewe bila kuumia. Siku hizi huchanganywa na oksijeni, na mgonjwa huivuta kwa kifuniko kidogo cha puani. Huwa macho, husikia na kujibu, ila moyo wake hutulia. Ikifungwa, nguvu yake huisha kwa dakika chache. Haimfai mwenye pua iliyoziba, wala mwanamke aliye katika miezi ya kwanza ya mimba.

Namna ya pili ni kidonge, kama vile diazepamu, ambacho aghalabu humezwa muda wa saa moja kabla ya matibabu.

Ya tatu ni dawa itiwayo katika mshipa wa mkono, kama vile midazolamu. Mgonjwa husinzia, lakini huitika akisemeshwa, na mara nyingi baadaye hakumbuki yaliyotendeka. Kwa kuwa dawa hii huweza kupunguza pumzi, hutolewa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, mwenye vyombo vya kupima mapigo ya moyo na oksijeni katika damu.

Ya mwisho ni nusukaputi, yaani usingizi kamili. Hii hutolewa hospitalini na mtaalamu wake, kwa kazi kubwa au kwa mtu asiyeweza kutibiwa kwa njia nyingine.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Aeleze magonjwa aliyo nayo, dawa anazotumia, na kama ana mimba. Asinywe pombe, kwani pombe pamoja na dawa hizi huweza kuzuia pumzi. Kabla ya nusukaputi, kwa kawaida asile chakula kwa saa 6. Baada ya kidonge au dawa ya mshipani, arudishwe nyumbani na mtu mzima, wala asiendeshe gari, pikipiki au mashine mpaka kesho yake. Tena, vidonge hivi si vya kumezwa nyumbani kwa shauri la jirani.

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Anayeogopa na amwambie daktari hivyo kabla ya kuketi kitini, ili wachague pamoja dawa itakayomfaa.