Nani Alimuua Napoleon? Nywele za Mapenzi Zatoa Ushahidi

Mtu mkubwa akifa mbali na kwao, maneno hayakosi. "Amelishwa kitu huyo!" Ndivyo ilivyokuwa kwa Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa aliyetikisa Ulaya nzima. Alifariki tarehe 5 Mei 1821, akiwa na miaka 51, katika kisiwa cha St Helena, katikati ya Bahari ya Atlantiki, alikofungwa na Waingereza baada ya kushindwa vita vya Waterloo mwaka 1815. Mwenyewe ndiye aliyewasha moto: wiki chache kabla ya kufa aliandika kwenye wosia kwamba anakufa kabla ya siku zake, na wauaji ni Waingereza.

Mke je? Marie Louise alikuwa amesharudi kwao Austria tangu 1814, pamoja na mtoto wao wa kiume. Hawakuonana tena na mumewe.

Mke wa mtu ni sumu?

Mwaka 1961, daktari wa meno wa Sweden, Sten Forshufvud, na wenzake walitangaza kwamba nywele zinazosemekana ni za Napoleon zina aseniki nyingi, ile sumu ya kuulia panya. Kazi kwisha! Watu wakaanza kumtafuta mkono wa nani.

Kidole kikamwangukia Charles de Montholon, mmoja wa maofisa waliomfuata Napoleon kisiwani. Na sababu ilikuwepo, tena ya kwetu sote: wivu. Ilisemekana mkewe, Albine, alikuwa na uhusiano wa siri na bosi wa mumewe. Albine aliondoka kisiwani mwaka 1819, mume akabaki. Waliomshuku walisema alikuwa akitia sumu kidogo kidogo kwenye mvinyo. Hadithi tamu, sivyo? Ila haikuwahi kuthibitishwa.

Zawadi za wapendanao

Zamani hizo hakukuwa na picha za simu. Ukimpenda mtu, unampa kishungi cha nywele zako akihifadhi. Napoleon aliwagawia wengi, na ndiyo maana wanasayansi wa leo wana cha kupima.

Mwaka 2008, watafiti wa Italia walizipima nywele hizo kwa kutumia kinu kidogo cha nyuklia mjini Pavia. Ujanja wao ni kwamba hawakupima za St Helena peke yake. Walichukua za Napoleon akiwa mtoto Corsica, za wakati yuko uhamishoni Elba na za siku za mwisho. Wakaongeza za mwanawe, na za Josephine, mke wa kwanza aliyempenda kisha akamwacha kwa kukosa mtoto.

Majibu? Wote walikuwa na aseniki, na viwango vilikaribiana! Ilikuwa takriban mara 100 ya tuliyo nayo sisi leo. Josephine alifariki mwaka 1814, kwa hiyo mvinyo wa Montholon haumhusu. Aseniki ilikuwa kwenye maisha yao ya kila siku: kwenye dawa, na hata kwenye rangi za kijani za kuta.

Tumbo lilishasema

Kumbe jibu lilikuwepo tangu siku ya pili. Tarehe 6 Mei 1821, daktari wake, Francesco Antommarchi, aliupasua mwili huku madaktari wa Kiingereza wakishuhudia. Walibishana kuhusu ini, maana ini likionekana bovu, lawama ingeangukia hali ya hewa ya kisiwa, yaani Waingereza. Lakini tumbo hawakuligombania: lilikuwa limeharibika vibaya.

Mwaka 2007, timu ya wataalamu ilizisoma upya ripoti zile na kusema kidonda kile, chenye urefu wa zaidi ya sentimita 10, kilikuwa saratani ya tumbo iliyokwisha komaa. Hata suruali zake zilitoa ushahidi, kwani zile za mwisho zilionyesha kiuno kinavyopungua. Mtu mnene alikuwa akikonda.

Baba kwa mwana

Na hapa ndipo panapogusa moyo. Baba yake, Carlo, alikufa mwaka 1785 kwa uvimbe wa tumbo, kabla ya kutimiza miaka 40. Napoleon alilijua hilo. Kabla hajakata roho alimwagiza daktari aukague mwili wake, hasa tumbo, ili mwanawe aambiwe na ajihadhari. Huyohuyo aliyewalaumu Waingereza alikuwa anashuku ugonjwa wa nyumbani kwao.

Watafiti wa 2007 walidhani chanzo kikubwa ni bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao mara nyingi huambukizwa utotoni. Familia hurithishana damu, lakini pia hugawana chungu na kikombe. Uzuri ni kwamba leo bakteria hao wanapimwa hospitalini na wanatibika.

Basi msomaji, kabla ya kumtafuta mchawi, muulize mama: babu alikufa na nini? Shangazi je? Kama jibu ni "tumbo lilimsumbua siku nyingi", na wewe una maumivu yasiyoisha, unakonda bila kujua sababu au chakula hakipandi, usinyamaze na vidonge vya dukani. Nenda kapime, na umwambie daktari habari za ukoo wenu. Mwanao naye mweleze mapema, usingoje wosia.