Uzi: "Wamefungulia maji!" Utabiri wa mvua, mabwawa ya Tana na lawama za jukwaani

Kuna hoja mbili ambazo hazikosi jukwaani mvua ikizidi au ikikosa. Ya kwanza: "Hawa watu wa hali ya hewa ni waongo." Ya pili: "Wamefungulia maji ya mabwawa." Simama sokoni Ishiara siku ya mkutano, unaweza kuzisikia zote mbili kwa hotuba moja. Sitaji mtu wala chama. Tuangalie hoja zenyewe, maana zinagusa ndengu yako na stima yako.

Tuanze na utabiri. Idara ya Hali ya Hewa na ICPAC, kile kituo cha nchi za IGAD, hawakuambii "mvua itanyesha, kwisha." Wanachukua misimu ya miaka mingi iliyopita, wanaigawa mafungu matatu: mvua nyingi, ya kawaida, kidogo. Kisha wanakuambia msimu unaokuja una nafasi gani ya kuangukia kila fungu. Wakisema asilimia 55 mvua nyingi, maana yake bado kuna 45 ya mambo mengine. Hiyo si ahadi, na si uongo. Mkulima wa Mbeere anaielewa hesabu hii kuliko mheshimiwa, ndio maana hajazi shamba lote mahindi. Anaweka mtama na kunde pia.

Kitu kingine ambacho hakisemwi: misimu haitabiriki sawa. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, zina dalili baharini. Pacific ikipata joto (El Niño), na Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, sisi hupata mvua nyingi. Masika ni ngumu zaidi kuitabiri.

Sasa kumbukeni 2023. Wataalamu walisema mapema kwamba vuli ingekuwa na mvua nyingi. Ikafika Oktoba, watu wakaambiwa kwa sauti kubwa kwamba El Niño haiji tena. Wengi tukapumua. Kufikia Desemba zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa nchini kwa mafuriko. Utabiri ulikuwepo. Kilichobadilika ni jinsi ulivyosomwa hadharani.

Twende kwa mabwawa, hapa ndipo pana utamu. Kwa Tana kuna vituo vitano vilivyopangana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Jumla ni karibu megawati 600 za umeme usiochoma mafuta. Masinga yenyewe inatoa megawati 40 tu, Gitaru inatoa 225. Kwa nini basi kila mtu huulizia Masinga? Kwa sababu ndiyo ghala. Ilianza kazi 1981, na inashika zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Maji yakitoka pale yanazungusha mitambo ya vituo vyote vitano.

Kwa hivyo anayesimamia ghala ana presha mbili zinazovutana. Akijaza hadi juu, ana akiba ya kiangazi. Akiacha nafasi, ana pa kuweka maji ya gharika. Hawezi kufanya yote mawili. Mwaka 2000, wakati zaidi ya nusu ya umeme wetu ulitegemea mito, ukame ulileta mgao wa stima nchi nzima. Nani anataka kurudi huko? Lakini Aprili 2024 mabwawa yalikuwa yamejaa, na bwawa likishajaa, maji yanayoingia lazima yatoke. Huko chini barabara ya Garissa na Madogo ilikatika, vijiji vya Tana River vikahama. Masika ile iliua karibu watu 300 Kenya nzima.

Basi "wamefungulia maji" ni kweli? Nusu. Bwawa lililojaa halipunguzi tena mafuriko. Lakini angalia ramani: Thuci, ule mto unaotutenganisha na Tharaka Nithi, unaingia Tana chini ya Kiambere. Mutonga na Kathita pia. Maji hayo ya mlima hayapiti kwa bwawa lolote kati ya yale matano. Hata ukifunga kila lango kule juu, Garissa bado itaona maji yetu.

"Tutaleta AI itabiri." Sawa, na si porojo tupu. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, kilianza kutumia modeli ya AI rasmi Februari 2025, na inakimbia haraka kuliko zile za zamani. Lakini modeli hujifunza kutoka vipimo. Kituo cha Embu mjini kiko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Ishiara iko chini ya 1,000, na mvua ya huku ni nyingine kabisa. Setilaiti huona wingu, si tone lililofika chini. Mradi wa TAHMO umeweka vituo vidogo vya sola kwa shule nyingi Afrika, Kenya ikiwemo: havina kifaa kinachozunguka, vinahesabu matone. Hii ni kazi isiyo na utepe wa kukata, labda ndio maana haiingii manifesto.

Sasa kuna mpango wa bwawa lingine, High Grand Falls, chini ya pale Thuci inapoingia Tana. Ahadi ni umeme, kilimo na kuzuia mafuriko, yote matatu. Atakayekuja kuliuza hapa sokoni muulizeni hivi: utabiri ukisema asilimia 60 ya gharika, nani atatia sahihi maji yapunguzwe mapema, na mvua isipokuja, ile stima iliyopotea inalipwa na nani?