Reli ya Eastlands: Ipande Wapi, Ibaki Chini Wapi

Picha za treni za Delhi zikipita juu ya nguzo hufika kwenye simu za watu wa Umoja na Kayole, hapa Nairobi, kama zinavyofika kwingine, na swali ni lilelile: yetu itajengwa lini? Ni swali la haki. Delhi ilifungua kipande chake cha kwanza Desemba 2002, kati ya Shahdara na Tis Hazari, kilomita 8 na kidogo tu, na leo mtandao wake umepita kilomita 350. Mimi pia natamani kuiona treni ya namna hiyo Eastlands. Ila nguzo hutibu ugonjwa mmoja mahususi, na kwetu ugonjwa huo si wa kwanza kwenye foleni.

Tuanze na reli tuliyo nayo. Iliingia Nairobi Mei 1899, ikijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na hata upana wake wa mita moja ulifuata reli za huko. Treni za abiria za leo zote za upande huu hupitia Makadara: moja huenda Imara Daima hadi Syokimau, nyingine Donholm na Pipeline hadi Embakasi Village, na nyingine hukata Mutindwa na Dandora kuelekea Githurai, Kahawa na Ruiru. Wengi huulaumu upana huo wa mita moja. Mimi siulaumu. Treni zilizonunuliwa Mallorca, Hispania, na kufika hapa 2020, zilikuwa zikibeba abiria huko kwenye reli ya upana uleule.

Kinachotubana ni kwamba sehemu kubwa ya reli hii ni ya njia moja. Treni inayotoka Dandora haiwezi kupishana na inayokwenda Dandora ila kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Moja lazima ingoje. Chukulia mahali pawili pa kupishania pametengana kwa mwendo wa dakika 15. Hapo, hata ukinunua treni mia, kila upande utapata moja kwa nusu saa, basi. Ndiyo maana tuna safari chache za asubuhi na jioni, mabehewa yamefurika, na aliyekosa ya asubuhi anarudi steji kubishana nauli na makanga.

Weka njia mbili, hesabu inageuka. Treni ya watu 1,000 kila dakika 5 hubeba watu 12,000 kwa saa kuelekea mjini. Ukitaka kuwabeba watu hao kwa matatu za abiria 33, unahitaji karibu 364, yaani moja kila sekunde 10, saa nzima bila kusita. Jogoo Road haiwezi.

Lakini njia mbili zikianza kufanya kazi, balaa jingine linazuka, na hapa ndipo nguzo zinapopata kazi yao. Treni kila dakika 5 kwa kila upande maana yake kila mahali barabara inapokatiza reli patafungwa kwa wastani kila dakika mbili na nusu. Hiyo si barabara tena. Isitoshe, makutano hayo yanaua hata kwa treni chache tulizo nazo: Oktoba 2013 treni iligonga basi la abiria pale upande wa Umoja na Mutindwa, watu zaidi ya 10 wakafa. Ukipita Mutindwa leo, utaona bidhaa zimepangwa karibu na vyuma vya reli. Honi ikilia wachuuzi huvuta turubai, treni ikipita wanazirudisha. Mahali kama hapo treni na watu hawapaswi kugawana ardhi.

Kuinua reli si kama kupandisha ngazi. Treni ya dizeli huchoka mlimani: kuinuka mita 8 kwa mteremko wa 2 kwa 100 huhitaji mita 400 za kupanda, na 400 nyingine za kushuka. Makutano mawili yakiwa karibu, ni afadhali reli ibaki juu moja kwa moja. Treni ya umeme hupanda mteremko mkali zaidi, na hiyo ni sababu tosha ya kufikiria umeme tangu mwanzo.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ukapasua kuta za nyumba za watu. Nguzo haisimamishwi juu yake. Shimo lake huchimbwa hadi kwenye mwamba wa volkano ulio chini, na kwa bahati nzuri mara nyingi mwamba huo hauko mbali. Mihimili ya zege humwagwa uwanjani, ikaletwa usiku na kuinuliwa kwa winchi, kwa hiyo barabara ya chini haifungwi miezi.

Bei? Wahandisi hukadiria kwa jumla kuwa reli ya juu hugharimu mara mbili au zaidi ya reli ya chini, na ya ndani ya ardhi huzidi hapo sana. Hatuna kisingizio cha kusema haiwezekani: barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, inapita kwenye nguzo juu ya Uhuru Highway. Tuliwainulia wenye magari. Kinachoniuma ni kwamba anayetoka Pipeline kwa miguu hajainuliwa chochote.

Lakini kujenga ni nusu tu. Addis Ababa ilizindua treni yake ya umeme Septemba 2015, kama kilomita 34, vipande kadhaa vikiwa juu ya nguzo. Miaka michache baadaye, nyingi kati ya treni zake 41 zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Nguzo zipo, abiria wako foleni.

Kwa hiyo ningeanza hivi: njia ya pili kutoka mjini hadi Makadara na kusonga mbele hadi Dandora, nguzo kuanzia kabla ya Mutindwa hadi baada ya makutano, karakana na bajeti ya vipuri ndani ya mkataba uleule, na kivuli cha chini ya nguzo kipangwe kuwa soko la wachuuzi waliopo, vizimba vikiwa na namba na majina yao kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.