Wafuata Tufani na Njia za Mashamba

Katika nyanda za kati za Marekani, ambako kila majira ya machipuko hewa yenye unyevu kutoka kusini hukutana na hewa kavu ya magharibi na kuzaa visulisuli vikali, wapo watu ambao, badala ya kuikimbia tufani, huiandama kwa gari, ama kwa kutafuta elimu, ama kwa kutafuta picha tu. Mtu angedhani adui yao mkubwa ni upepo. Walakini aghalabu kinachowaua ni barabara.

Ardhi ya Oklahoma ilipimwa zamani kwa miraba ya maili moja kila upande, na njia za mashamba zikafuata mistari hiyo, hata mgeni atazamapo ramani huamini kwamba hakosi, kila baada ya mwendo mfupi, njia ya kukatia kusini na kuokoka. Kumbe njia ile ni ya udongo mwekundu, ambao ukilowa kidogo tu magurudumu huteleza na kuzama, na ile ya pili hukomea ukingoni mwa mto usio na daraja. Mwenyeji anayajua hayo tangu utotoni. Mgeni huyajua akiwa amekwisha kukwama, mvua ya mawe inapiga paa, na kisulisuli, kilichojifunika mvua, hakijulikani kiko upande gani.

Tarehe 31 Mei 2013, karibu na mji wa El Reno, kisulisuli kilipanuka kufikia kilomita 4.2, upana ambao haujapata kupimwa mwingine kama huo nchini humo, kisha ghafula kikageuka na kuongeza kasi. Tim Samaras, aliyesifika kwa hadhari na ambaye mwaka 2003 alifaulu kuweka chombo chake cha kupimia katika njia ya kisulisuli huko South Dakota, alikuwa katika gari dogo pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young, kwenye njia ya mashamba. Wote watatu wakafa. Ikiwa mjuzi kama yule alizidiwa, sijui mpiga picha wa kujifurahisha anategemea nini, hasa siku ile ambapo barabara zilisongamana magari ya wakazi waliokuwa wakikimbia.

Mwaka 2017, karibu na Spur, Texas, magari mawili ya wafuata tufani yaligongana njia panda mashambani, watu 3 wakafariki, wala si upepo uliowaua.