Je, Sayansi Inaweza Kumpima Mungu? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi Francis Galton alivyopiga hesabu ya umri wa wafalme mwaka 1872. Huombewa maisha marefu kila ibada, lakini kati ya makundi ya watu wenye uwezo aliyoyalinganisha, wao ndio waliokufa mapema zaidi. Leo tuingie hospitalini.

Mwaka 2006 Herbert Benson, daktari wa moyo wa Marekani, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa maombi. Wagonjwa 1,802 waliosubiri upasuaji wa kuunga mishipa mipya ya damu kwenye moyo waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja liliombewa na jingine halikuombewa, na yote mawili yaliambiwa tu kwamba huenda yataombewa. La tatu liliombewa na likahakikishiwa hivyo. Waombaji, Wakristo wasiowajua wagonjwa, walipewa jina la kwanza na herufi ya kwanza ya jina la ukoo, wakaomba kwa siku 14.

Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza na 51 katika la pili. Katika lile lililojua linaombewa walifika 59.

Je, Mungu ameshindwa mtihani? Hapana. Kwanza, hilo kundi "lisiloombewa" lilikuwa na mama, wake na watoto, na hakuna mtafiti aliyeweza kuwafunga midomo. Pili, kidonge hakina hiari: kikimezwa hufanya kazi yake. Anayeombwa, kwa imani ya waumini wenyewe, hujibu apendavyo. Kipimo kinachodai jibu lilelile kila mara hakiwezi kumkamata mwenye hiari ya namna hiyo.

Lakini muumini asikimbilie hapo kujificha. Dai kwamba maombi ya wageni kwa ratiba hupunguza matatizo ya upasuaji lilipimwa, likaanguka, na tukubali hivyo. Vivyo hivyo mhubiri anayetangaza kuwa anaponya kisukari au Ukimwi ametoka kwenye imani tupu na kuingia kwenye jambo linalopimika. Damu ya mgonjwa ipimwe kabla na baada, na daktari, si msaidizi wa mhubiri. Hadi majibu yatoke, mtu asiache dawa zake hata siku moja.

Wiki ijayo: Georges Lemaître, padri Mbelgiji aliyeeleza mwanzo wa ulimwengu kwa fizikia, lakini hakutaka nadharia yake igeuzwe kuwa ushahidi wa Mungu.

Itaendelea